Maji yaleyale, majina mengi: kufafanua aina za mtiririko wa giligili

Mwanafunzi akiulizwa mtiririko thabiti ni upi, mara nyingi hujibu kuwa ni ule unaokwenda taratibu, kwa matabaka, bila vurugu. Jibu hilo si sahihi, na uvivu wa kusoma siyo chanzo chake. Tatizo ni jinsi somo linavyopangwa: aina za mtiririko huorodheshwa kwa jozi, moja baada ya nyingine, hadi msomaji adhani kuwa kila mtiririko una jina lake moja tu. Kumbe kila jozi inajibu swali lake. Je, hali hubadilika kadiri muda unavyopita? Je, hubadilika ukihama kutoka sehemu moja hadi nyingine? Chembe zinakwenda kwa mpangilio au zinavurugana? Densiti inabaki ileile? Maji ndani ya bomba moja yanaweza kuwa na mtiririko thabiti, usio sare, wenye vurugu na usiogandamizika, yote kwa wakati mmoja, na hakuna mgongano wowote kati ya majina hayo.

Tukisema giligili tunamaanisha vimiminika na gesi kwa pamoja: kitu chochote kinachoanza kutiririka mara tu kinaposukumwa kwa ubavu, hata kama kani inayokisukuma ni ndogo mno.

Muda ni jambo moja, mahali ni jingine

Mtiririko ni thabiti pale ambapo, ukichagua nukta moja na kuikazia macho, kasi, shinikizo na densiti katika nukta hiyo havibadiliki. Mkazo uko kwenye nukta. Chembe za maji zenyewe zinaweza kuongeza kasi zikiwa njiani na bado mtiririko ukawa thabiti. Chukua bomba linaloanza na kipenyo cha sm 4 na kuishia na sm 2. Eneo la mkato linapungua mara 4, na kwa kuwa maji yanayoingia lazima yatoke, kasi huongezeka mara 4; ndiyo maana ya A₁v₁ = A₂v₂. Yakiingia kwa 0.5 m/s yatatoka kwa 2 m/s. Kila chembe imechapuka njiani, lakini anayepima pale penye wembamba atasoma 2 m/s asubuhi na jioni. Mtiririko huo ni thabiti, ila si sare.

Usare ndio unaohusu mahali. Simamisha muda kwa fikra, kisha linganisha mkato mmoja wa bomba na mwingine: je, kasi ni ileile? Bomba refu la kipenyo kimoja ambalo koki yake haiguswi lina mtiririko thabiti na sare. Bomba hilohilo, koki ikiwa inafunguliwa polepole, lina mtiririko badilifu lakini sare, kwa sababu maji yote yaliyomo huongeza kasi kwa pamoja. Bomba linalopungua kipenyo huku koki ikizungushwa lina mtiririko badilifu na usio sare, na huo ndio mgumu kuliko yote kuupigia hesabu.

Kwa ukali wa fasili, hakuna mtiririko halisi ulio sare kabisa ndani ya bomba, maana maji yanayogusa ukuta husimama ilhali yale ya katikati yanakwenda. Kinacholinganishwa ni wastani wa mkato huu na wastani wa mkato ule. Bila kulijua hilo, mtu atabishana na kitabu chake bure.

Uthabiti pia hutegemea umesimama wapi. Mashua ikikata maji yaliyotulia kwa mwendo usiobadilika, aliyeketi ukingoni huona maji yaliyokuwa kimya yakisukwasukwa kisha yakitulia tena. Kwake mtiririko ni badilifu. Aliye ndani ya mashua huona maji yakija kutoka mbele na kupita ubavuni kwa namna ileile muda wote. Kwake ni thabiti. Hesabu za mtu wa mashuani ni nyepesi zaidi, ndiyo sababu katika kuchunguza ndege na meli tunachukulia kwamba chombo kimesimama na giligili ndiyo inayokuja.

Hapohapo panazaliwa mkanganyiko mwingine, wa mistari. Mstari wa mtiririko ni ule ambao, kwa dakika fulani, mwelekeo wa kasi katika kila nukta yake unaufuata. Njia ya chembe ni alama ambayo chembe moja ingeiacha nyuma katika safari yake yote. Mstari wa rangi unaunganisha chembe zote zilizopita mahali pamoja, kwa mfano mbele ya sindano inayotoa wino. Mtiririko ukiwa thabiti, mistari hii mitatu hulaliana na kuwa mmoja. Ukiwa badilifu, hutengana. Moshi wa dohani siku ambayo upepo unageukageuka ni mstari wa rangi: umbo unaloliona angani halijawahi kuwa njia ya chembe yoyote.

Matabaka na vurugu

Sasa swali la mpangilio, ambalo ndilo lenye utajiri mwingi na lenye kugharimu fedha likikosewa.

Katika mtiririko wa matabaka, giligili hujipanga katika tabaka nyembamba zinazoteleza moja juu ya nyingine kama karata zinazosukumwa kutoka juu. Ndani ya bomba la duara, matabaka hayo huwa na umbo la mirija iliyopachikana: wa nje kabisa, unaogusa ukuta, hauendi popote, wa katikati ndio wenye kasi kubwa, na kasi hiyo ni mara 2 kamili ya kasi ya wastani. Ukichora kasi dhidi ya umbali kutoka katikati unapata parabola.

Katika mtiririko wa vurugu, chembe hukatiza huku na huku, visulisuli vikubwa huzaa vidogo, na vidogo huzaa vidogo zaidi hadi mnato, yaani uzito wa giligili katika kutiririka, uvimalize na kuvigeuza joto. Kwa kuwa chembe zenye kasi hupelekwa ukutani na zile za polepole huletwa katikati, tofauti za kasi husawazishwa. Mchoro wa kasi huwa bapa katikati na kushuka ghafla karibu na ukuta. Kasi ya katikati huwa takriban mara 1.2 tu ya wastani. Hata hivyo mtiririko huo unaweza kuitwa thabiti iwapo wastani wake haubadiliki. Vilevile mtiririko wa matabaka unaweza kuwa badilifu, kwa mfano ukisukumwa na pampu ndogo inayopigapiga. Hapo ndipo jibu la yule mwanafunzi linapoanguka.

Aliyeonyesha mpaka kati ya hali hizi mbili ni Osborne Reynolds, mwaka 1883, mjini Manchester. Aliweka mrija wa kioo wenye mdomo mpana kama tarumbeta ndani ya tangi la maji, akaingiza uzi mwembamba wa rangi mdomoni, kisha akaongeza kasi kidogo kidogo. Kwa kasi ndogo uzi ulinyooka hadi mwisho wa mrija. Kasi ilipofikia kiwango fulani, rangi ilitawanyika ghafla na kujaza mrija mzima, mbali kidogo na mdomo. Alipoitazama kwa mwanga wa cheche ya umeme, ule ukungu ulionekana kuwa ni mikunjo mingi ya visulisuli.

Jambo kubwa zaidi alilolibaini ni kwamba kasi peke yake haiamui. Kinachoamua ni namba isiyo na kizio, ambayo leo inaitwa kwa jina lake:

Re = ρvD/μ

ρ ni densiti, v kasi ya wastani, D kipenyo cha bomba, μ mnato. Juu ya mstari kuna ukaidi wa giligili, yaani hali ya kuendelea na mwendo wake. Chini kuna mnato, unaozima kila mtikisiko. Mnato ukitawala, mtikisiko hufa. Ukaidi ukitawala, mtikisiko hukua. Kwa bomba la duara, chini ya takriban 2,000 unaweza kutegemea matabaka. Juu ya 4,000 tegemea vurugu. Katikati ni eneo la mpito. Vitabu vingi huchukua 2,300 kuwa ndio mpaka.

Tupige hesabu. Maji ya nyuzi 20 za selsiasi yana densiti ya kg 1,000 kwa mita ya ujazo na mnato wa 0.001 Pa·s. Katika bomba la kipenyo cha ndani cha sm 2, kasi ikiwa 1 m/s, Re = 1,000 × 1 × 0.02 ÷ 0.001 = 20,000. Ni vurugu tupu. Ili Re ishuke hadi 2,300, kasi inapaswa kuwa 0.115 m/s, sawa na lita 2.2 hivi kwa dakika. Ndoo ya lita 20 ingechukua dakika 9 kujaa. Kwa hiyo maji ya kawaida ya mabomba ya nyumbani karibu siku zote yana vurugu, hata kama bomba limetulia tuli na hulisikii. Badilisha maji kwa mafuta ya kulainisha yenye mnato wa 0.1 Pa·s na densiti ya 900: bomba lilelile, kasi ileile, Re inakuwa 180. Matabaka bila shaka yoyote.

Usisahau halijoto. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60, mnato hushuka kutoka 0.001 hadi takriban 0.00047 Pa·s, na Re huongezeka zaidi ya maradufu bila kasi kuguswa. Gesi hufanya kinyume: hewa ikipata joto, mnato wake hupanda. Katika kimiminika mnato hutokana zaidi na molekuli kuvutana, na joto hulegeza mvutano huo. Katika gesi mnato hutokana na molekuli kuruka kutoka tabaka hadi tabaka zikibeba mwendo wao, na joto huziongezea mbio.

Eneo la mpito lina tabia yake ya ajabu. Kati ya 2,000 na kidogo chini ya 3,000, vurugu haijazi bomba lote. Huja kwa mafungu: kipande cha bomba kina vurugu, kinachofuata kimetulia, kisha vurugu tena, yote yakisafiri na maji. Ukitazama maji yanayotoka mdomoni utaona yakidunda, yakifika mbali kidogo kisha karibu kidogo, ingawa hakuna aliyegusa koki. Wengi hudhani pampu ina hitilafu.

Na huo mpaka wa juu si ukuta. Reynolds mwenyewe, kwa kuyaacha maji yatulie vizuri, aliweza kubaki na matabaka hadi Re ya takriban 13,000, na watafiti waliomfuata walifika juu zaidi ya hapo. Jaribio hilohilo liliporudiwa Manchester katika zama za magari, vurugu ilianza mapema kuliko kwake, kwa kuwa barabara zilitikisa jengo. Sababu ni kwamba katika bomba lililonyooka, mtikisiko mdogo kabisa hufa wenyewe; ni ule wenye ukubwa wa kutosha tu unaoweza kuwasha vurugu, na kadiri Re inavyopanda, ukubwa unaohitajika hupungua. Mpaka wa chini ndio ulio imara: chini ya takriban 2,000, hata ukiyakoroga maji mlangoni, yatajipanga yakiwa njiani.

Kuuona kwa macho

Jaribio hili linawezekana bila maabara kubwa, ila lina mitego. Tafuta mrija unaopitisha mwanga, wenye kipenyo cha ndani cha mm 10 na urefu wa mita 1.5 au zaidi. Urefu huo una sababu: mtiririko wa matabaka unahitaji umbali wa takriban 0.06 × Re × D ili parabola yake ikamilike, na kwa Re ya 2,000 hiyo ni mita 1.2. Mrija wa nusu mita utakuonyesha mtiririko ambao haujamaliza kujiunda.

Unganisha mrija na chombo kipana chenye lita 20 au zaidi, usawa wa maji ukiwa sm 20 hadi 30 juu ya mdomo wa kutokea. Koki iwe mwishoni mwa mrija, kamwe isiwe mwanzoni, kwa kuwa koki iliyo mwanzoni hukoroga maji kabla hujaanza kuyatazama. Mdomo wa kuingilia uchongwe mviringo bila kingo kali. Wino uingie kwa sindano nyembamba iliyonyooshwa katikati ya mrija, sm chache ndani ya mdomo. Yaache maji yatulie angalau nusu saa.

Kisha fungua koki kidogo, kinga maji kwa sekunde 30 katika chombo chenye vipimo, ugawanye upate mililita kwa sekunde. Kwa mrija wa mm 10 na maji ya nyuzi 20, zidisha kwa 127 upate Re. Mililita 10 kwa sekunde ni Re ya 1,270: uzi wa rangi utanyooka. Mililita 18 ni karibu 2,300: utaanza kutetereka au kukatika kwa mafungu. Mililita 31 ni takriban 4,000.

Mambo huharibika kwa njia zinazojirudia. Uzi ukizama polepole kuelekea chini ya mrija, rangi ni nzito kuliko maji. Iandae kwa maji ya chombo kilekile, yenye halijoto ileile, na ipunguze makali. Uzi ukivurugika palepale kwenye ncha ya sindano hata kwa kasi ndogo, rangi inatoka kwa mbio kuliko maji yanayoizunguka; shusha chupa yake. Kiputo cha hewa kilichoganda ukutani kinatosha kuwasha vurugu mapema. Na ikiwa maji yana nyuzi 30, mnato wake ni karibu 0.0008, hivyo kila Re uliyoipata ongeza robo yake.

Gharama ya kukosea

Kwa nini tuhangaike? Kwa sababu kanuni ya upotevu wa shinikizo hubadilika kabisa. Kwenye matabaka, kiasi kinachopita kwa sekunde ni Q = πr⁴Δp/(8μL), ambapo r ni nusukipenyo, Δp tofauti ya shinikizo kati ya ncha mbili na L urefu wa bomba; ni kanuni waliyoifikia Gotthilf Hagen na Jean Poiseuille, kila mmoja kivyake, karibu na mwaka 1840. Ukipunguza nusukipenyo kwa nusu, kinachopita hupungua mara 16. Ukitaka maji maradufu, ongeza shinikizo maradufu. Ulaini wa ukuta hauna athari.

Kwenye vurugu mambo hugeuka. Kupata maji maradufu kunahitaji shinikizo mara 3.4 katika bomba laini, na hadi mara 4 katika bomba lenye kutu na mikwaruzo. Tazama tofauti kwa bomba letu la sm 2, kasi ya 1 m/s, urefu wa mita 10. Kanuni ya matabaka inatoa upotevu wa paskali 800. Kanuni sahihi, ambayo kwa bomba laini hutumia kigezo cha msuguano f = 0.316 ÷ Re^0.25, inatoa f ya 0.0266 na upotevu wa paskali 6,600 hivi. Aliyechagua pampu kwa kanuni ya kwanza amepungukiwa zaidi ya mara 8, na hakuna mahali hesabu yake itakapomwonya. Namba zote zitaonekana safi.

Kosa la pili la mara kwa mara ni kubeba ile 2,300 kila mahali. Ni ya bomba la duara lililojaa. Kwenye mfereji ulio wazi, badala ya kipenyo hutumika eneo la maji kugawanywa kwa urefu wa kingo zinazolowana, na mpaka huwa karibu 500. Kwa hewa inayopita juu ya bapa laini, ambapo urefu unaohesabiwa ni umbali kutoka ukingo wa mbele, vurugu huanza karibu na 500,000. Kabla ya kulinganisha Re mbili, uliza kila moja imetumia urefu gani.

Tena, yote haya yanachukulia kuwa mnato ni mmoja bila kujali giligili inavyosukumwa. Maji, hewa na mafuta mepesi hutii. Rangi ya ukuta haitii: hulegea chini ya brashi, kisha hurudi kuwa nzito ili isichuruzike. Dawa ya meno haisogei kabisa hadi isukumwe kupita kiwango fulani. Kwa vitu kama hivyo, Re ya kawaida haina maana hadi useme ni mnato upi umetumika.

Nje ya bomba

Giligili inapozunguka kitu, vurugu huweza kuanza nyuma yake hata kama inayokuja imetulia. Nyuma ya waya au nguzo ya duara, Re ikipita takriban 47, visulisuli huanza kubanduka kwa zamu, kimoja upande huu, kingine upande ule. Kwa masafa mapana ya Re, idadi yake kwa sekunde ni karibu 0.2 × v ÷ D. Upepo wa 10 m/s ukipita waya wa mm 5 hubandua visulisuli mara 400 kwa sekunde, na ndio mlio tunaousikia kwenye nyaya. Upepo uliokuja ulikuwa thabiti; uliotoka ni badilifu.

Na vurugu si hasara wakati wote. Tabaka jembamba la hewa linaloshika uso wa mpira likiwa la matabaka, hubanduka mapema na kuacha nyuma eneo pana lenye shinikizo dogo, linalouvuta mpira. Likiwa la vurugu, lina nguvu ya kung'ang'ania uso kwa umbali zaidi, eneo hilo hupungua na ukinzani hushuka. Vishimo vya mpira wa gofu vipo hasa kwa kazi hiyo: kuwasha vurugu mapema.

Kupuuza mnato, kwa adabu

Giligili isiyo na mnato haipo mezani petu, lakini hesabu zake ni nyepesi mno kiasi kwamba kila mtu anaanza nayo. Mwaka 1752 Jean d'Alembert alionyesha kwamba giligili kama hiyo isingeleta ukinzani wowote kwa kitu kinachopita ndani yake, jambo ambalo kila mpiga kasia anajua si kweli. Mkanganyiko ulidumu hadi 1904, Ludwig Prandtl alipoeleza kwamba mnato unaweza kupuuzwa karibu kila mahali isipokuwa katika tabaka jembamba linalogusa uso, na kwamba tabaka hilo ndilo linaloamua mambo.

Kanuni ya Bernoulli, p + ½ρv² + ρgh = kiasi kisichobadilika (p ni shinikizo, g mchapuko wa mvutano wa dunia, h kimo), imesimama juu ya dhana hiyo. Inadai mtiririko uwe thabiti, usiogandamizika, mnato upuuzwe, na ulinganishe nukta zilizo kwenye mstari mmoja wa mtiririko. Ni lini inaruhusiwa? Rudi kwenye bomba la sm 4 kwenda sm 2. Kasi ikitoka 0.5 hadi 2 m/s, shinikizo hushuka kwa ½ × 1,000 × (4 − 0.25) = paskali 1,875, sawa na sm 19 za maji. Ikiwa sehemu nyembamba ina urefu wa sm 10, upotevu wa msuguano humo ni kama paskali 220. Bernoulli anafaa kwa makadirio. Ikiwa ina urefu wa mita 10, msuguano unakula takriban paskali 22,000, karibu mara 12 ya badiliko tulilolihesabu. Kumtumia Bernoulli peke yake hapo ni kujidanganya.

Swali la mzunguko linastahili maneno machache. Mtiririko una mzunguko pale ambapo chembe yenyewe inajizungusha, si pale inapofuata njia ya duara. Weka kipande kidogo cha kizibo chenye alama ya msalaba juu ya maji. Katika mfereji ulionyooka, karibu na ukingo, kitajizungusha ingawa kinakwenda mbele, kwa sababu upande mmoja wake una kasi kuliko mwingine. Katika maji yanayozunguka tundu la kutolea, mbali kidogo na kitovu, kitazunguka tundu huku msalaba ukibaki umeelekea upande uleule. Njia imenyooka na mzunguko upo. Njia ni duara na mzunguko haupo.

Mfereji ulio wazi

Maji yakiwa na uso ulio wazi, linaingia swali jipya: je, maji yanakwenda kwa mbio kuliko mawimbi yake? Wimbi dogo kwenye maji ya kina h husafiri kwa √(gh). Gawanya kasi ya maji kwa hiyo upate namba ya Froude. Kina cha m 0.4 na kasi ya 1 m/s hutoa 0.5: mtiririko wa utulivu. Kina cha m 0.1 na kasi ya 2 m/s hutoa 2: mtiririko wa mbio. Kipimo cha papo hapo ni kuchomeka kijiti. Viwimbi vikipanda kinyume cha mkondo, namba iko chini ya 1. Vyote vikiburutwa chini, iko juu ya 1.

Tofauti hii hutawala usanifu. Katika mtiririko wa utulivu, ukiweka kizuizi chini ya mkondo, kina hupanda hadi juu kabisa. Katika mtiririko wa mbio, maji ya juu hayana habari. Na mtiririko wa mbio ukilazimika kurudi kwenye utulivu, hauteremki kwa ngazi: hurukia kina kikubwa ghafla, kwa povu na kishindo, na kupoteza nishati nyingi. Chini ya njia za kumwagia maji ya mabwawa hujengwa sakafu ngumu ya zege ili mruko huo utokee juu yake, kwani ukitokea kwenye udongo huchimba hadi msingi.

Kugandamizika

Jozi ya mwisho huelezwa vibaya kuliko zote: "gesi hugandamizika, vimiminika havigandamiziki". Swali halihusu giligili ni ya aina gani. Linahusu kama densiti inabadilika kiasi cha kuathiri jibu lako katika mtiririko huo. Hewa inayokwenda chini ya 0.3 ya kasi ya sauti, yaani kama 100 m/s, hubadilisha densiti kwa chini ya asilimia 5. Feni, mifereji ya hewa ya majengo na upepo wa kawaida huhesabiwa kama mtiririko usiogandamizika, na majibu huwa sawa kabisa. Juu ya hapo lazima densiti iingie kwenye hesabu, na kasi ikivuka ile ya sauti hata silika ya bomba hugeuka: bomba linalopanuka huongeza kasi badala ya kuipunguza, ndiyo maana midomo ya injini za roketi hubanwa kwanza kisha ikatanuka.

Kwa upande wa pili, maji yanaweza kulazimisha kuhesabiwa kama yanayogandamizika. Funga vali ghafla kwenye bomba la chuma ambamo maji yanakwenda kwa 1 m/s. Kama maji yasingegandamizika hata chembe, safu nzima ingesimama mara moja na shinikizo lingekuwa lisilo na kikomo. Kinachotokea ni kwamba maji yaliyo kwenye vali husimama na kubanwa kwanza, kisha yale ya nyuma yake, na wimbi la shinikizo hurudi nyuma kwa mwendo wa takriban 1,200 m/s. Ukubwa wake ni ρ × kasi ya wimbi × badiliko la kasi ya maji: 1,000 × 1,200 × 1, paskali 1,200,000, karibu mara 12 ya shinikizo la angahewa, juu ya lile lililokuwepo. Ndicho kile kishindo cha bomba kugonga ukuta, na kwenye mitambo mikubwa ndicho kinachopasua viungo.

Muda wa kufunga ndio unaoamua. Wimbi likipata nafasi ya kwenda hadi mwanzo wa bomba na kurudi kabla vali haijajifunga, yaani 2L ÷ kasi ya wimbi, shinikizo hupungua. Kwa bomba la mita 30 muda huo ni sekunde 0.05. Kwa bomba la kilomita 3 ni sekunde 5, na huo ni mpaka wa chini tu. Ili shinikizo liwe dogo, kufunga huchukua mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo vali za mabomba marefu hufungwa kwa gurudumu linalozungushwa mizunguko mingi, na mpini wa kugeuza robo mzunguko hauwekwi huko.